Daftari Lisilofungwa

Zamani karani wa wakala wa forodha mjini Mombasa alitia majalada kwapani, akapanda ngazi na kushuka, akingoja muhuri huku na sahihi kule. Leo jedwali moja la mtandaoni, lililofunguliwa kwa wakati mmoja bandarini, Nairobi na Kampala, humwonyesha kila mshirika namba ya kontena, ushuru uliokwisha kulipwa na lori lililokwisha kuondoka. Tangu mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipotua katika pwani yetu mwaka 2009, na hasa baada ya maradhi ya UVIKO kuzifunga afisi nyingi mwaka 2020, utaratibu huu umekuwa ada, nasi twaupokea kwa furaha, kwa kuwa umepunguza safari zisizo na faida na fitina ya nakala mbili zisizolingana.

Lakini karani yuleyule sasa hufikiwa na amri ya tajiri wake kwa ujumbe wa simu saa nne za usiku, watoto wamelala, chai imepoa, na alama mbili za buluu zikishuhudia kwamba ameisoma. Akinyamaza huhesabiwa mvivu, akijibu hapati ujira wa ziada. Hiyo ni dhuluma. Ufaransa, tangu Januari 2017, huyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yajadiliane nao juu ya haki ya kuviweka kando vyombo vya mawasiliano baada ya kazi. Twawasihi waajiri wetu, kabla sheria haijawalazimisha, waitaje katika mkataba saa ya kulifunga daftari hili la mtandaoni, nao wawe wa kwanza kuiheshimu.