Namba ipi ni kubwa?

Watoto wa Ruashi, jiwe la kijani mnalijua tangu utoto wenu. Ni jiwe la shaba. Mgodi wa Étoile uko karibu na mitaa yetu, na shaba ya kwanza ya Lubumbashi, mwaka 1911, iliyeyushwa kutoka mawe yake.

Tuseme wachimbaji watatu wamepimiwa mawe yao. Wa kwanza asema: “Shaba ni sehemu 1/40 ya mawe yangu.” Wa pili: “Yangu 2,8 kwa mia.” Wa tatu: “Yangu 0,03.” Nani ana mawe bora?

Nikiuliza hivi darasani, wengi hupaza sauti: “Wa pili, mwalimu!” Wameiona 2, na namba ya mwenzake inaanza na sifuri. Mmoja au wawili huchagua 1/40, maana 40 ni kubwa. Siwacheki. Jicho huona tarakimu kwanza, nayo tarakimu haisemi kitu mpaka ujue inahesabu nini.

Basi, kila mmoja awe na kilo 1000 za mawe. Gawa 1000 kwa 40: shaba ni kilo 25. Kwa 2,8 kwa mia ni kilo 28. Kwa 0,03 ni kilo 30. Sasa zote ni kilo, zaweza kupangwa mstari mmoja. Yule mwenye sifuri mbele amewapita wote!

Walimu wengine husema hesabu hii ingoje shule ya sekondari. Mimi nakataa. Huko Kolwezi na penginepo, wachimbaji huuza mawe kwenye depo. Mnunuzi huelekeza juu ya mawe chombo chenye umbo la bunduki ndogo, nacho huonyesha namba ya kwa mia. Bei hufuata namba hiyo. Chombo kikionyesha 2,8 na mnunuzi akiandika 2, asiyejua kusoma kilicho nyuma ya mkato atapokea fedha na kwenda zake. Katika kilo 1000 amepoteza bei ya kilo 8 za shaba, naye amezichimba kwa mikono.

Kwa hiyo mkiulizwa namba ipi ni kubwa, nyamazeni kwanza. Zigeuzeni zote ziwe za namna moja, ndipo mjibu. Jioni hii jaribuni sehemu hizi za mfuko mmoja wa unga: 1/3, 0,3 na 35 kwa mia. Ile 1/3 itawasumbua kidogo, kwani ukigawa 1 kwa 3 unaandika 0,333 na tatu hazikomi. Msihangaike kuutafuta mwisho wake. Tarakimu ya pili nyuma ya mkato yatosha.