Afya ya Nyumbani: Harufu Isiyokuwapo

Mwalimu mmoja ametuandikia habari ya kijana wa darasa lake. Kijana huyu, akiwa ameketi akiandika, hunyamaza ghafula, hukaza macho mbele pasipo kumjibu mtu, naye hutafunatafuna kana kwamba ana chakula kinywani. Baada ya dakika moja au mbili hurudi katika hali yake. Akiulizwa, husema, "Nimesikia harufu ya nguo inayoungua." Wenziwe hawakusikia harufu yo yote. Nyumbani wamekwisha kusema kwamba ana pepo, nao wataka kumwondoa shuleni wampeleke kwa mganga. Mwalimu atuuliza: Je, mtu aweza kusikia harufu ya kitu kisichokuwapo?

Twamjibu, aweza; wala si mwongo, wala hakurogwa. Kitu chenye harufu hutoa chembe ndogo sana zisizoonekana, nazo huingia puani pamoja na pumzi. Juu kabisa ndani ya pua pana utando wenye mishipa ya fahamu, nayo hupenya katika matundu madogo ya mfupa mpaka ubongoni. Pua hupokea, lakini ubongo ndio utambuao kwamba hii ni harufu ya waridi na hii ni ya samaki aliyeoza. Basi mishipa hiyo au ubongo wenyewe ukishtuka pasipo chembe yo yote kuingia, mtu husikia harufu vile vile. Kwake ni harufu kweli kweli.

Lakini kabla ya kumwita mtu mgonjwa, litazameni jiko. Twasema hivi bila mzaha. Mtu akisema kwamba asikia moshi, tafuteni kwanza penye mkaa, penye waya za umeme na penye mtungi wa gesi, kisha waulizeni wengine waliomo nyumbani.

Mara nyingi sababu yake ni ndogo. Jino bovu, au usaha uliokaa katika uwazi wa mifupa ya uso baada ya mafua, hutoa uvundo ambao mwenyewe peke yake ausikia. Huyo aende kwa daktari wa meno au wa pua, atapona. Tumbaku, dawa nyingine, na kipanda uso huweza kuleta harufu za namna hii. Kadhalika mtu aliyeanguka akagonga kichwa, maana ile mishipa myembamba hukatika kwa mshtuko. Na tangu mwaka 1920 na 100, yaani 2020, ugonjwa wa Covid-19 uliwaondolea watu wengi uwezo wa kunusa, na uliporudi ulirudi umepotoka: kahawa ikanuka kama takataka. Kwa hao liko zoezi lililojaribiwa na Thomas Hummel huko Dresden, Ujerumani, akalitangaza mwaka 2009. Mgonjwa hunusa vitu vinne asubuhi na jioni kwa muda wa majuma 12: waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Si wote wasaidikao, lakini halina gharama kubwa, na karafuu za Unguja na Pemba hazikosekani sokoni.

Sasa twaja kwenye jambo zito. George Gershwin, mtungaji wa muziki wa Marekani, alikuwa akipiga piano mbele ya watu huko Los Angeles mwezi wa Februari 1937. Akapotewa na fahamu kwa nukta chache, akakosea, na baadaye akasema kwamba alisikia harufu ya mpira unaoungua. Kisha akaanza kuumwa sana na kichwa. Mwezi wa Juni alichunguzwa hospitalini, ikadhaniwa kwamba ni mahangaiko ya moyo tu. Tarehe 9 Julai akazimia. Walipompasua wakaona uvimbe katika ubongo, upande wa kuume, karibu na sikio. Akafa tarehe 11 Julai, umri wake miaka 38. Uvimbe kama huo ni nadra, wala hatutaki kumtisha mtu. Twataka ijulikane tu kwamba sehemu ile ya ubongo ikiguswa, harufu yaweza kuwa ishara ya kwanza.

Ishara hiyo hiyo huonekana katika kifafa. Daktari John Hughlings Jackson wa London alieleza kabla ya mwaka 1900 kwamba kiko kifafa ambacho mgonjwa haanguki wala hatoki povu. Husikia harufu mbaya, hupotewa kidogo, hutafunatafuna. Ndivyo alivyoandika mwalimu wetu, ingawa hatuwezi kumpima kijana kwa barua. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mtu, na dawa zake ziko hospitalini.

Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi wafuga nguruwe, yafaa tuongeze neno. Katika nchi zetu sababu moja ya kifafa ni tegu wa nguruwe. Mtu alaye nyama isiyoiva vema hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka katika choo chake, na yeye mwenyewe au jirani yake akiyala kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga, wadudu huweza kufanya makao ubongoni. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maishani mwake aweza kuugua. Choo kiwe na mlango, nguruwe wafungiwe, nyama iive mpaka ndani.

Kwa mwalimu twasema hivi. Andika katika daftari kila mara jambo hili litokeapo: siku, saa, lilidumu muda gani, macho yalikuwaje, mikono ilifanya nini, kijana alisema nini. Mpe baba yake daftari hilo aende nalo hospitalini pamoja na mwanawe. Daktari atapata humo mambo ambayo kijana mwenyewe hawezi kuyasimulia. Wazee wake wakitaka kumwombea, na wamwombee, lakini safari ya hospitali isingoje. Asiondolewe shuleni. Mpaka apate dawa, asipande miti, asiachwe peke yake penye moto, na aendapo mtoni afuatane na mwenziwe.