Daftari la wiki: Vipanga wa Nambis

Vuli imeshika, na anga ya Nambis ina wageni. Shakivale mwenye tumbo jeupe na mkia mwekundu, yule anayeshinda juu ya nguzo, si mmoja wao. Huyo haendi popote. Utata uko kwa wawili wa kahawia: shakivale wa milimani, mkazi wa misitu ya juu, na shakivale wa nyika aliyeanguliwa Urusi. Mtazame kifuani. Mkazi ana madoa ya kahawia yaliyotapakaa kama matone juu ya weupe. Mgeni mara nyingi ana mkanda mweupe kifuani, chini yake mistari ya kukingama. Mara nyingi, nasema, kwani wageni wengine ni wekundu na wengine karibu weusi.

* * *

Anga nyeupe huihadaa kamera, ndege akatoka kivuli kitupu. Ongeza mwanga, stopu moja au zaidi. Mawingu yakiungua, yaache yaungue, unalotaka ni kifua. Wala usijisumbue kudamka. Shakivale hungoja ardhi ipate joto, hewa ya moto ipande, ndipo ajizungushe juu bila kupiga bawa. Saa nne asubuhi inatosha.

* * *

Hewa hiyo haipandi vizuri baharini, ndiyo maana shakivale wa nyika hupitia nchi kavu ya Mashariki ya Kati. Kozi wa Amur, kindege cha gramu 150 hivi, hajali. Hutoka Siberia na kaskazini mwa China, hunenepa Nagaland, India, kisha huikata Bahari ya Hindi kwa msaada wa kaskazi, upepo uleule wa majahazi. Hufika huku kumbikumbi wakiruka. Mwaka 2012 kozi hao walinaswa Nagaland kwa maelfu. Mwaka uliofuata wanavijiji wakaziweka nyavu chini.

* * *

Kila ndege mwenye kucha hapa husingiziwa vifaranga. Mwewe, sawa, ana kesi ya kujibu. Shakivale hula zaidi panya, fuko, mijusi na wadudu. Wakulima wa ngano kule Basotu wangepaswa kumlipa posho.

* * *

Msomaji mwenye simu au kamera, picha ikiwa mbaya usiifute. Andika tarehe na kijiji. Wageni huondoka kufikia Aprili, kwa hiyo shakivale wa kahawia aliyepigwa picha msituni mwezi Julai karibu hakika ni mkazi. Wa Novemba, mchunguze kifua kwanza.