Tuanze na cha-cha-cha, rumba ingoje

Wazazi wenzangu, na ninyi wanangu wa madarasa makubwa,

Mmeshasikia kwamba kwenye sherehe ya kufunga mwaka watoto watacheza dansi ya wawili wawili, na sisi tuchague moja kati ya tatu: walsi, rumba au cha-cha-cha. Jumamosi iliyopita, kwenye meza ya chai, niliona wengi wameshaamua. Rumba! Ni yetu, watoto wanaisikia nyumbani, tena ni ya polepole, kwa hiyo ni rahisi. Naomba mnisikilize kabla ya kutia alama, maana na mimi niliamini hivyohivyo, nikaaibika.

Miaka sita iliyopita nilijiandikisha kwenye darasa la dansi hapa mjini. Usiku wa kwanza mwalimu akatangaza rumba. Nikacheka moyoni. Mimi niliyekua na santuri za Franco na Tabu Ley, leo nifundishwe rumba na Mwingereza? Muziki ukaanza, nikaondoka na pigo la kwanza kama tulivyozoea. Wenzangu wote wakangoja, wakaondoka pigo la pili. Nilimkanyaga mama wa watu vidole viwili.

Kumbe kuna rumba mbili zenye jina moja, na zote mizizi yake iko Kuba. Ile tuliyoizoea ilianza kukua tangu miaka ya 1930, santuri za Kuba zilipofika Kongo na wanamuziki wa Léopoldville na Brazzaville wakaufanya muziki ule kuwa wao. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Hiyo unaicheza huku unazungumza na mwenzako, na hakuna anayekuhesabia. Rumba ya mashindano ina sheria zake. Unapiga hatua kwenye 2, 3 na 4, na kwenye 1 hupigi hatua. Mwili unaendelea kuhama taratibu juu ya mguu uleule. Nyonga hazitikiswi makusudi, zinafuata goti linaponyooka na uzito unapohama. Na upole wake ndio mtego: kwenye dansi ya haraka kosa linapita kabla mtu hajaliona, lakini kwenye rumba unabaki umesimama nalo mbele ya ukumbi mzima.

Walsi ni kinyume chake. Moja, mbili, tatu, na tena moja. Mtoto wa miaka minane anaweza kujifunza hatua zake za msingi kwa asubuhi moja na asipotee. Kazi inakuja baadaye, kwenye kupanda na kushuka bila kurukaruka, na hiyo mimi bado naitafuta. Ila walsi inawataka wawili washikane karibu, na najua wapo wazazi kati yetu wasiotaka kijana na binti washikane vile. Nawaheshimu. Halafu nilimwonyesha binti yangu walsi kwenye simu, akaniambia, “Baba, hii ni ya wazee.” Basi.

Jaivu, ambayo vijana waliiomba kwa sababu ya vipindi vya televisheni, tuiache. Inafurahisha sana, lakini dakika moja yake inakausha koo hata la mchezaji mpira.

Kura yangu ni ya cha-cha-cha. Sitawaficha: nayo, kama rumba, inaanzia kwenye 2, na ni ya kasi zaidi. Lakini inakuambia uko wapi. Ukipotea, ngoja zile hatua tatu fupi, utazisikia, urudi nazo. Enrique Jorrín aliitunga Kuba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na inasimuliwa kwamba jina lilitokana na mlio wa miguu ya wachezaji sakafuni. Tuliijaribu darasani kwetu kwa Kiswahili. “Nne-na-moja” ilishindikana, ulimi ulibaki nyuma ya miguu. “Mbili, tatu, cha-cha-cha” ikakaa sawasawa, hata wadogo walioingia kuomba biskuti wakaihesabu. Tena mnaweza kuicheza mkishikana mikono tu, au msishikane kabisa.

Nayo imo kwenye historia yetu. Mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels wakizungumzia uhuru, Joseph Kabasele na African Jazz walikuwa huko pia, na ndiko ulikotoka wimbo “Indépendance Cha Cha”. Wanangu, wapigieni simu babu na bibi muwaulize kama waliucheza. Mtacheka.

Ninayemfikiria zaidi ni kijana wa miaka kumi na tatu. Mwaka jana muziki ulipoanza, nilihesabu wavulana saba wamejificha kwenye korido karibu na vyoo, na mmoja aliniambia anaogopa kuchekwa na ndugu zake waliotoka nyumbani likizo. Huyo nikimpa rumba, atasimama pale kwenye 1 hajui la kufanya na mguu wake, na Jumamosi inayofuata hatumwoni. Rumba tumpe mwakani, akishaizoea ile 2.

Karatasi za kura ziko karibu na birika la chai hadi Jumamosi ijayo. Mazoezi yataanza saa tano, baada ya kipindi cha kusoma. Waje na viatu vyenye soli laini. Raba hunata sakafuni na kuumiza magoti.