Kina cha Gati na Kiza cha Karatasi

Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1 kuiboresha Bandari ya Tanga. Lango lililokuwa na kina cha mita 3 sasa lina mita 13, na meli zilizotia nanga mbali zikisubiri matishari sasa hufunga gatini. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini nauliza: tumemchimbia nani?

Mkulima wa mkonge wa Korogwe anayesafirisha kontena nje ya nchi hakutani kwanza na bahari. Hukutana na karatasi. Tamko la forodha hujazwa na wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Mapato. Mawakala wengi ni weledi, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humtwisha mwenye mali dhamana ya matamko ya wakala wake. Wakala akitamka visivyo, mwenye mali naye hujibu. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. Ni haki gani hii, mtu kuwajibikia tamko asiloweza kulisoma?

Tutaambiwa kwamba biashara ya dunia ni ya Kiingereza. Mnunuzi wa ng'ambo na apewe Kiingereza chake. Mwenye mali apewe Kiswahili chake. Mwaka 2021 tulikifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Forodha isibaki kisiwa. Tamko lifasiriwe, na ada ya wakala iandikwe kabla kontena halijafungwa lakiri.

Bahari tumeweza kuichimba. Karatasi inatushindaje?