Ulimi wa Wakili Hulelewa na Sikio

Mjini Gitega, penye mahakama ya rufani, mtoto mwepesi wa kubishana huitwa wakili. Wazazi hucheka, naye mtoto hujiona. Lakini je, wepesi wa ulimi peke yake watosha kumtetea mtu mbele ya hakimu? La hasha.

Warundi wa kale walilijua jambo hilo. Umushingantahe, mwamuzi wa kijijini, maana yake ni yule asimikaye intahe, fimbo ya hukumu. Hakupewa heshima hiyo kwa ufasaha tu, bali kwa ukweli na kupima maneno. Mwaka 1964 mtaalamu wa Kimarekani, Ethel Albert, alichapisha uchunguzi wake juu ya malezi ya usemi nchini Burundi. Alieleza kuwa wavulana wa jamaa wakubwa, tangu umri wa miaka 10 hivi, walifundishwa kuhutubia bila kujiandaa, kuomba kwa adabu na kujitetea upesi waliposhutumiwa. Mabinti walifundishwa kunyamaza kwa busara, na kusikiliza hata waweze kuyarudia maneno ya mgeni karibu neno kwa neno.

Wakili mwema ahitaji elimu zote mbili. Chukua mfano wa shahidi mjini Muyinga, upande wa mpaka wa Tanzania. Atoa ushahidi kwa Kirundi, pengine akichanganya Kiswahili cha sokoni, na jalada laandikwa kwa Kifaransa. Yeye alisema, "Nilimwona mtu mwenye koti kama la huyu." Jalada lasema alimwona huyu. Wakili msemaji mno atahutubia kwa madaha, na mteja wake aende gerezani. Wakili msikivu atauliza swali moja fupi: "Uso wake uliuona?"

Sheria husomwa chuo kikuu, na kazi yenyewe hujifunzwa chini ya wakili mzoefu. Lakini sikio huanza kufunzwa nyumbani. Mzazi aliye askari au polisi, ajuaye thamani ya ripoti sahihi, na amzoeze mwanawe, wa kiume na wa kike sawasawa, kusimulia ugomvi wa uani kama ulivyokuwa: nani aliona, nani alisikia tu. Kisha ausimulie tena kwa upande wa yule asiyempenda.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi wa wakili ukijikwaa, aangukaye ni mtu mwingine.