Ulingo Usio na Mizani: Kiswahili na Lugha za Mto Tana

Mwenye nguvu mpishe, husema wahenga. Mchezo wa ndondi uliikataa hekima hiyo zamani. Mnamo mwaka wa 1909, National Sporting Club ya London iliweka madaraja manane ya uzani ili kila bondia apigane na mtu wa kadiri yake. Kabla ya pambano, wote wawili hupanda kwenye mizani. Sababu yake ni bayana: nguvu za ngumi hutegemea pia uzito wa mwili ulio nyuma yake, na ustadi peke yake aghalabu haumwokoi mwembamba mbele ya pande la mtu.

Manufaa ya utaratibu huo yalidhihirika katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Robert Wangila wa Kenya, katika uzani wa welta usiozidi kilo 67, alimshinda Mfaransa Laurent Boudouani na kutwaa dhahabu. Katika michezo iyo hiyo, Lennox Lewis, aliyeiwakilisha Canada, alipata dhahabu ya mabondia wa zaidi ya kilo 91. Hakuna aliyedai kwamba dhahabu ya Wangila ilikuwa nyepesi kuliko ya Lewis. Lau wangepangwa pamoja, huenda Kenya isingekuwa na dhahabu yake ya pekee katika ndondi za Olimpiki.

Lugha, kwa bahati mbaya, hazina mizani ya aina hiyo. Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kulalamika kwamba lugha yao hupambanishwa na Kiingereza, bingwa wa uzani mzito mwenye vitabu, mitihani na ajira nyuma ya ngumi zake. Malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, atakayefika Garsen, katika Kaunti ya Tana River, atakikuta Kiswahili hicho hicho katika pembe ya pili ya ulingo. Huko, mbele ya Kipokomo, Kiswahili ndicho pande la mtu.

Ikumbukwe kwamba Kipokomo si mgeni kwa Kiswahili. Wanaisimu huziweka lugha hizo, pamoja na Kielwana, Kimijikenda na Kikomoro, katika kundi moja la Sabaki. Wimbo wa taifa wa Kenya wenyewe ni ushahidi wa udugu huo: lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, na maneno yake yakatiwa kwa Kiswahili.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa matatu ya kwanza. Lakini katika miji yenye mchanganyiko wa jamii, Kiswahili ndicho huchukuliwa kuwa lugha ya eneo. Kipokomo hushindwa hapo kabla ya kengele kulia.

Watakaopinga watasema kwamba lugha hazipigani, na kwamba mzazi humpa mtoto wake Kiswahili kwa hiari, kwa kuwa ndicho kitakachomfikisha mbali. Ni kweli. Hata bondia huruhusiwa kupanda daraja. Ila hupanda kwa kujenga misuli, si kwa kukatwa mkono mmoja. Mtoto anayejifunza Kiswahili juu ya Kipokomo ameongeza uzani. Anayejifunza Kiswahili badala ya Kipokomo amepungukiwa.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Wajibu huo hauwezi kuachiwa serikali pekee. Idara za Kiswahili zinaweza kupokea tasnifu kuhusu Kipokomo na Kielwana, vyama vya wanafunzi vikakusanya ngano na nyimbo za Mto Tana, na waundaji wa istilahi wakabisha hodi kwa ndugu wa Sabaki kabla ya kukimbilia Kiingereza. Anayedai mizani mbele ya Kiingereza hana budi kukubali kupimwa mbele ya Kipokomo.